Visanamu vinavyoitika "labeka": kaburi la Taharqa na watu wa nyumbani kwake

Mwezi uliopita ndugu yangu, ambaye anafanya kazi Marekani, alikwenda Boston kwa shughuli zake, akapata nusu siku ya kupumzika na kuingia katika jumba la makumbusho ya sanaa la mji huo. Usiku wa manane kwa saa za Amu, yaani Lamu, simu yangu ikalia: picha tano. Nne ziliharibiwa na mwanga wa taa uliorudi kwenye kioo, lakini ya tano ilikuwa safi mno, na tangu hapo sijaweza kuiacha. Ni kisanamu cha jiwe, kimesimama wima kama maiti aliyefungwa sanda, mikono imepishana kifuani, kila mkono umeshika jembe, na kamba ya mfuko imepita begani ikaangukia mgongoni. Uso ni mpana, midomo imejaa, macho yanatazama mbele kama ya mtu aliyeitwa na sasa anasubiri kuambiwa kazi. Kuanzia kiunoni kwenda chini kuna mistari ya maandishi ya Kimisri iliyochongwa kwa utulivu, na ndani ya maandishi hayo limo jina la mwenyewe: Taharqa, mfalme wa Kushi na Misri.

Asubuhi nilimpelekea mama ile simu. Alikuwa amekaa anachagua mchele katika uteo, akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza, "Huyu ni mfalme au ni mtumwa wake? Mfalme gani anayezikwa na jembe?" Nikamwambia kwamba ni vyote viwili. Watu wa Bonde la Naili waliamini kuwa akhera kuna mashamba ya kulimwa, na kwamba hata mfalme anaweza kuitwa kwenda kulima, kumwagilia maji kando za mto na kuhamisha mchanga kutoka mashariki kwenda magharibi, na kwa sababu hiyo walimtengenezea visanamu vya kumwitikia. Maandishi yaliyomo mwilini mwa kisanamu ni amri yenyewe: Taharqa akiitwa, wewe utasema, "Mimi hapa." Mama akacheka. "Basi wataitika labeka," akasema, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu visanamu vile havina jina jingine. Katika kaburi la Taharqa zilipatikana labeka 1,070.

Nimekuwa nikisoma habari za mfalme huyu tangu wakati huo, na ninaandika haya kwa kuwa naona kila anayemtaja anamtaja kwa vita. Wanaosoma Biblia wanamjua kwa jina la Tirhaka, mfalme wa Kushi, aliyetoka kupigana na Waashuru katika siku za mfalme Hezekia. Wanaosoma historia ya Misri wanamjua kama mmoja wa mafirauni waliotoka kusini, nchi ambayo leo ni kaskazini ya Sudan, wakaitawala Misri kwa karibu karne moja. Yeye alishika ufalme tangu mwaka 690 hadi 664 KK. Hayo ni kweli, lakini mimi ni mwanamke wa Amu, na sisi wanawake wa Amu hatuendi makaburini siku ya maziko. Tunabaki nyumbani na kisomo, na habari za kaburi tunaletewa na wanaume wakirudi: lilichimbwa wapi, upande wa nani, nani alishuka kupokea maiti. Kwa mazoea hayo, nikisoma habari za kaburi la mtu jambo la kwanza ninalolitafuta ni nani amelala karibu yake na nani hayupo.

Tuanze na kaburi lenyewe, maana lina makuu yake. Liko Nuri, kwenye jangwa lililo ng'ambo ya mto kutoka Jebel Barkal, lile jabali la urefu wa mita zipatazo 100 lililosimama peke yake karibu na mji wa Karima, ambalo watu wa Kushi waliamini kuwa ndiyo maskani ya Amun, mungu wao mkuu. Piramidi ya Taharqa ndiyo kubwa kuliko piramidi zote zilizojengwa Sudan: kila upande wa msingi wake ulikuwa na mita zipatazo 52. Ili ukubwa huo ueleweke, piramidi ya baba yake Piye, ambaye ndiye aliyeikamata Misri kwa upanga, ilikuwa na msingi wa mita zipatazo 8 tu, yaani isingezidi sana chumba kikubwa cha nyumba zetu za mawe. Isitoshe, ya Taharqa ilijengwa mara mbili: kwanza ilisimamishwa piramidi ndogo ya mawe laini yaliyochongwa vizuri, kisha ile ndogo ikafunikwa yote na kubwa, kama sanduku ndani ya sanduku, na waliokuja baadaye wakaitambua ile ya ndani kwa sababu ile ya nje imeporomoka.

Lakini utajiri wa kaburi hauko juu. Upande wa mashariki kuna ngazi inayoteremka ardhini, unapita chumba kidogo, halafu unaingia ukumbi uliochongwa ndani ya mwamba wenyewe, wenye nguzo nene sita zilizoachwa zikiwa sehemu ya mwamba huo, tatu huku na tatu huku, na dari iliyopinda kama kuba refu. Ukumbi huo umezungukwa na ushoroba, hata mtu angeweza kuuzunguka wote bila ya kumkaribia maiti. Wataalamu wanasema mpango huu unafanana na jengo la Osireion lililoko Abydos nchini Misri, lililojengwa kwa heshima ya Osiris, mungu aliyekufa akawa mfalme wa wafu, na ambalo lilizungukwa na maji. Yaani Taharqa hakuridhika na kaburi la mfalme. Alijijengea kaburi la mungu.

Mchimbaji wa kwanza wa Nuri alikuwa George Reisner, Mmarekani, aliyefanya kazi hapo tangu mwaka 1916 hadi 1918. Alipofika chini alikuta wezi wamekwisha kupita zamani za kale, na maji ya ardhini yamepanda yakaingia vyumbani. Hata hivyo kulibaki mitungi ya alabasta iliyohifadhi viungo vya ndani vya mfalme, vipande vya dhahabu, na hizo labeka, nyingine zikiwa bado zimepangwa kwa safu ukutani. Jambo hili la safu ndilo lililonigusa zaidi. Nyumba yetu ni ya zamani, na katika chumba cha ndani ukuta wote ni zidaka kutoka chini hadi juu, ambamo bibi yangu alikuwa akipanga bakuli za kauri, kubwa nyuma na ndogo mbele, wala hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Nikifumba macho ninaona ule ukumbi wa Nuri hivyo hivyo: taa ya mafuta inatangulia, na visanamu 1,070, vingine vyeusi, vingine vya kijani, vingine vyeupe, hakuna uso unaofanana kabisa na mwenzake, vimejipanga kumzunguka bwana wao.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu Reisner kabla ya kuendelea. Aliandika kila kitu kwa uangalifu mkubwa, lakini hakuweza kukubali kwamba ukoo uliojenga makaburi haya ulikuwa wa watu weusi wa hapo hapo, akadai kuwa ni wageni waliotoka Libya. Msomaji wa Pwani atalijua dai hili bila ya kuelezwa zaidi, kwa kuwa miji yetu ya mawe nayo ilitafutiwa wajenzi kila mahali isipokuwa hapa. Uchunguzi wa baadaye uliuondoa uzushi huo wa Walibya, na makaburi yenyewe ndiyo yaliyotoa ushahidi, kama nitakavyoeleza.

Ukoo wa Taharqa ulikuwa na makaburi yake Kurru, upande ule ule wa mto ulioko Jebel Barkal, chini zaidi kufuata maji. Hapo wamelala wakubwa wa ukoo wa vizazi kadhaa, kwanza katika makaburi ya mviringo yaliyofunikwa kwa kifusi, kama yalivyokuwa makaburi ya nchi hiyo tangu kale, kisha katika piramidi ndogo. Hapo amelala Piye, hapo wamelala wafalme waliomfuata, Shabaka na Shebitku. Piramidi ni za sura ya Misri, lakini chini, mahali pa maiti, kuna jambo ambalo Mmisri asingelifanya: jukwaa la jiwe lililotobolewa pembeni ili kupokea miguu minne ya kitanda. Mfalme alizikwa kitandani. Hiyo ni desturi ya Nubia iliyokuwako zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Piye kuzaliwa, na watu wake hawakukubali kuiacha hata walipojifunza mambo mengine yote ya Misri. Sisi tunamtoa maiti nyumbani juu ya kitanda au jeneza, kisha tunamlaza ubavu katika mwanandani, na kitanda kinarudi kwa wenyewe. Wao kitanda kilishuka pamoja naye.

Karibu na makaburi ya Kurru walizikwa pia farasi 24 wa wafalme wanne, wakiwa wamesimamishwa wima mashimoni na mapambo yao. Piye alikuwa na mapenzi ya ajabu kwa farasi, na katika jiwe la ushindi wake ameandika jinsi alivyoingia katika zizi la adui aliyemshinda, akakuta farasi wana njaa, akakasirika kwa hilo kuliko kwa makosa mengine yote ya yule bwana. Mji wetu ni wa punda, na wapo watu hapa ambao wangefaidika kusomewa jiwe hilo kila Ijumaa.

Sasa swali ni kwa nini Taharqa aliwaacha hawa wote. Alikuwa na nafasi Kurru, alikuwa na baba hapo, lakini akavuka mto akaenda Nuri, mahali ambapo hapakuwa na kaburi la mfalme hata mmoja, akajenga peke yake. Timothy Kendall, aliyechimba Jebel Barkal kwa miaka mingi, ametoa jawabu moja zuri: ukisimama juu ya jabali siku ya mwaka mpya wa kale wa Wamisri, wakati mto ulipoanza kujaa, jua linachomoza mahali ilipo piramidi ya Taharqa. Kwa hesabu hiyo mfalme alichagua mahali pa kuzaliwa upya pamoja na jua na mafuriko. Nalikubali jawabu hili, na linalingana na ule ukumbi wa Osiris. Pia linalingana na tabia ya mtu huyu, kwa kuwa Kendall huyo huyo na wenzake walipopanda ile nguzo ya mwamba iliyochomoza mbele ya Jebel Barkal, mahali ambapo akili haikubali kwamba fundi aliweza kufika, walikuta maandishi yenye jina la Taharqa na alama za misumari iliyoshikilia bamba la dhahabu, ili ling'ae kwa jua na kuonekana kutoka mbali jangwani.

Hata hivyo, mimi naongeza langu. Mjomba wangu alizaliwa Mkomani katika nyumba ya watu wake, akaoa Shela, na kabla ya kufa akausia azikwe Shela. Hakukuwa na ugomvi wowote uliosemwa kwa mdomo, lakini siku ile nilikuwa ndani na shangazi zangu, na nilisikia jinsi kimya kilivyokuwa kizito wanaume waliporudi na kusema walikomzika. Mtu anayeacha makaburi ya baba yake amesema jambo, hata kama sababu yake ni njema na hata kama ameiandika kwa dhahabu. Nasadiki kwamba Kurru nako kulikuwa na nyumba ambazo siku ya maziko ya Taharqa zilikaa kimya.

Ukitaka kujua Taharqa alijiona mwana wa nani, usimsome Nuri, msome Kawa, mji mwingine wa mtoni alikojenga hekalu na kusimamisha mawe ya maandishi. Huko anaeleza kwamba haki yake ya ufalme ilianza kwa Alara, mzee wa ukoo, aliyemtoa dada yake kwa Amun na kumwombea kizazi chake. Na dada huyo, anasema Taharqa, ndiye mama wa mama yangu. Firauni wa Misri angeanza na baba yake. Huyu, ambaye baba yake ni Piye mwenyewe, mshindi wa Misri yote, anapita kwa bibi mzaa mama. Nilisoma sehemu hii mara mbili, kisha nikakumbuka kwamba hata nyumba ninayoandikia ilijengwa na babu wa mama yangu kwa ajili ya binti yake, na kwamba kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Sisemi kwamba tumetoka Kushi, na ninawaomba wenye kupenda nasaba ndefu wasininukuu kwa hilo. Nasema tu kwamba sikuhitaji kufafanuliwa.

Katika jiwe hilo la Kawa linalosimulia mwaka wa sita wa utawala wake, mwaka wa mafuriko makubwa na mvua iliyonyesha hata kusini, Taharqa anasimulia pia habari ya mama yake, Abar. Alikuwa kijana wa miaka 20 mfalme Shebitku alipomwita kaskazini, akamwacha mama nyumbani, na miaka ikapita bila ya kuonana. Alipokuwa mfalme, Abar akasafiri kwa mto mpaka Misri, safari ya mwanamke mtu mzima kupita maporomoko na jangwa, akamkuta mwanawe amevaa taji. Maandishi yanasema alifurahi kama mungu wa kike Isis alipomwona mwanawe Horus amekaa juu ya kiti cha baba yake. Mfalme angeweza kutaja mafuriko na kuishia hapo. Badala yake aliweka ujio wa mama miongoni mwa neema za mwaka ule, pamoja na maji na mavuno. Na chini ya Jebel Barkal, katika hekalu la mungu wa kike Mut ambalo vyumba vyake vya ndani vimechimbwa ndani ya jabali, amechorwa Taharqa akitoa sadaka, na walio nyuma yake ni mkewe Takahatamani katika picha moja na mama yake Abar katika nyingine.

Heshima hii ya wanawake haikuwa ya Taharqa peke yake. Miaka ipatayo sabini baada yake mfalme Aspelta alipotaka kuthibitisha kwamba ufalme ni wake, alisimamisha jiwe Jebel Barkal linalotaja mama yake, mama wa mama yake, na kuendelea hivyo hadi vizazi saba vya wanawake. Baadaye akatokea mtu akachukua patasi na kuyafuta majina. Aliyetaka kumwondolea mfalme haki yake alijua pa kupiga: aliwafuta wanawake.

Lakini turudi makaburini, maana huko ndiko ninakoona uchungu wa nyumba hii. Wake wa Taharqa hawakulala pamoja. Atakhebasken alizikwa Nuri, katika kaburi ambalo leo linaitwa namba 36, ndani ya eneo jipya alilolifungua mumewe. Naparaye, ambaye alikuwa pia na cheo cha dada wa mfalme, alizikwa Kurru, miongoni mwa watu wa upande wa kwao. Dada mwingine wa Taharqa, Shepenwepet wa pili, alikuwa mbali kabisa, katika mji wa Thebes nchini Misri, akishika cheo cha Mke wa Mungu Amun, cheo cha mwanamke asiyeolewa ambacho hurithishwa kwa kuasili binti. Alimwasili Amenirdis, binti wa Taharqa, ili cheo kibaki ndani ya nyumba. Mwaka 656 KK, Taharqa akiwa amekwisha kufa na Misri ikiwa mikononi mwa Psamtik, firauni mpya wa kaskazini, Psamtik alimleta binti yake Nitocris kwa msafara wa majahazi, na wanawake wale wawili wa Kushi wakamkubali kuwa mrithi. Hapakuwa na damu iliyomwagika. Ufalme wa Kushi juu ya Misri ulifungwa kwa karatasi za wanawake watatu, na kanisa dogo la maziko la Shepenwepet, ama niseme hekalu lake dogo, liko hadi leo Medinet Habu, ng'ambo ya Luxor, jirani na lile la shangazi yake Amenirdis wa kwanza. Shepenwepet na shangazi yake hawakurudi kusini kuzikwa.

Aliyekosekana kabisa ni Ushanahuru, mwana wa Taharqa. Mwaka 671 KK Esarhaddon, mfalme wa Ashuru, aliingia Misri akauteka mji wa Memphis. Taharqa alijeruhiwa, kwa madai ya Mwashuru huyo, kwa mishale mara tano, lakini akaponyoka. Nyumba yake haikuponyoka. Esarhaddon ameandika orodha ya alichochukua: malkia, wanawake wa jumba la mfalme, Ushanahuru aliyekuwa mrithi wa ufalme, na watoto wengine wa kiume na wa kike, wote wakapelekwa Ashuru. Jiwe la ushindi huo lilichimbuliwa Zincirli nchini Uturuki na sasa liko Berlin. Esarhaddon amechorwa mkubwa mno, ameshika kamba zilizopitishwa midomoni mwa watu wawili wadogo wanaofika magotini kwake. Mmoja amepiga magoti, ana sura ya Kikushi, na kwenye paji la uso ana nyoka wa kifalme. Wengi wanaona kuwa ndiye Ushanahuru. Hiyo ndiyo picha aliyobakiwa nayo. Hana piramidi, hana kitanda, hana kisanamu hata kimoja cha kumwitikia. Nikizifikiri zile labeka 1,070 za baba yake, ambaye aliishi miaka saba baada ya siku ile ya Memphis, sioni tena fahari niliyoiona mwanzo.

Taharqa alifuatwa na Tanwetamani, ambaye alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake Qalhata. Huyu alirudi Kurru. Amelala karibu na mama yake, na makaburi yao mawili ndiyo mazuri kuliko yote ya hapo, kwa kuwa michoro ya rangi imebaki kutani na dari imejaa nyota. Ilionekana kana kwamba Nuri itabaki na kaburi moja tu. Lakini Atlanersa aliyekuja baada yake alizikwa Nuri, na mkewe Yeturow, ambaye alikuwa binti wa Taharqa, akazikwa hapo pia. Kisha Senkamanisken, Anlamani, Aspelta, na wengine kwa zaidi ya miaka mia tatu, hadi Nastasen, wa mwisho. Makaburi ya mtu mmoja aliyejitenga yakawa ndiyo makaburi ya wafalme.

Kaburi la Nastasen limejaa maji hadi darini, na mwaka 2019 mwanaakiolojia Pearce Paul Creasman na wenzake waliingia humo kwa kupiga mbizi, hewa wakipelekewa kwa mpira kutoka juu, wakapapasa gizani na kukuta visanamu na vipande vya dhahabu. Vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 vilifika eneo hilo siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Merowe ulikuwa miongoni mwa mahali palipopiganiwa. Jumba la makumbusho la Khartoum, ambalo lilipata fungu lake la vitu vya Reisner wakati Boston ilipopata la kwake, limeporwa. Nilipomwambia ndugu yangu habari hiyo hakujibu kwa muda, kisha akaandika kwamba alikuwa amekwisha kukasirika kwa kuwaona hao wa Boston wamefungiwa kioo, na sasa hajui akasirike na nani.

Wiki mbili zilizopita, siku ya bamvua, tulimpeleka mama Takwa, magofu ya mji wa kale katika kisiwa cha Manda. Mashua inaweza kuingia ule mkondo wa mikoko maji yakijaa tu, na ukichelewa kutoka umelala huko. Tulikaa chini ya kaburi la nguzo, lile lenye mwaka 1094 wa Hijria, ambalo watu wa Shela huliendea mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Mama aliligusa chokaa kwa kiganja, akalizunguka, akauliza kwa nini amezikwa nje ya ukuta wa mji na nani mwingine yuko hapo karibu. Kisha akaniuliza tena jina la yule kijana aliyepelekwa Ashuru. Nikamtajia. Alilijaribu mara tatu, likamkwama kila mara mahali pale pale, na alikuwa analianza mara ya nne nahodha alipotuita kwamba maji yameanza kupwa.